Vibali vya hewa ukaa na foleni ya mitambo ya umeme

Swali: "Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari wilayani Ilemela, Mwanza. Katika somo la nishati, mwanafunzi mmoja alisema amesikia kuwa kampuni za umeme za Ulaya hununua vibali vya kutoa hewa ukaa. Akauliza: kama mwenye fedha anaweza kununua kibali na kuendelea kuchoma makaa ya mawe, biashara hiyo inabadili nini katika uchaguzi wa namna ya kufua umeme? Na sisi wa Kanda ya Ziwa, wenye mitambo ya mafuta mazito pale Nyakato na mabwawa ya umeme yaliyo mbali nasi, inatuhusu vipi? Nilimwahidi kuwa nitamtafutia jibu."

Jibu:

Mwalimu, mwanafunzi wako amegusa mahali penyewe, na ningependa ajue kwamba shaka yake ina msingi. Nitaanza Ulaya, kwa kuwa ndiko biashara hii imejaribiwa kwa miaka mingi, imeharibika na kutengenezwa upya mbele ya macho ya watu wote. Baadaye nitarudi Nyakato, ambako jibu linageuka.

Kwanza tuelewe kinachouzwa. Serikali, au kundi la nchi, huweka kikomo cha hewa ukaa ambayo mitambo yote iliyomo katika mpango inaruhusiwa kutoa kwa jumla, kisha hutoa vibali vinavyolingana na kikomo hicho, kibali kimoja kwa kila tani. Mwaka ukiisha, kila mwenye mtambo hurudisha vibali sawa na tani alizotoa. Akipungukiwa, katika Umoja wa Ulaya hutozwa faini ya yuro 100 au zaidi kwa kila tani iliyokosa kibali, na deni la vibali vyenyewe hubaki palepale akidaiwa mwaka unaofuata. Aliyetoa kidogo huuza alivyobakiza. Umoja wa Ulaya ulianza mpango huu mwaka 2005, lakini wazo lenyewe lilikuwa limekwisha kutumika Marekani tangu mwaka 1995 kupunguza gesi ya salfa iliyokuwa ikitoka katika mitambo ya makaa ya mawe na kuleta mvua ya asidi.

Sasa turudi kwa tajiri wa mwanafunzi wako. Anaponunua kibali na kuchoma makaa yake, kibali hicho kimetoka mikononi mwa mtu mwingine ambaye hawezi tena kukitumia, kwa hiyo jumla ya hewa ukaa haikuongezeka hata kwa tani moja. Kilichobadilika ni nani anayepunguza. Hoja hii inasimama kwa sharti moja tu, nalo ni kwamba kikomo kiwe kimebana kweli. Vibali vikiwa vingi kuliko moshi, kununua kibali ni kununua karatasi, na mwanafunzi wako atakuwa sahihi kabisa. Nitaonyesha hapa chini kwamba jambo hilo lilitokea, tena zaidi ya mara moja.

Ili kuona jinsi kibali kinavyofika hadi kwenye swichi ya mtambo, fikiria kazi ya msimamizi wa gridi. Kila sekunde umeme unaoingia kwenye nyaya lazima ulingane na unaotumika, kwa hiyo yeye huipanga mitambo katika foleni kwa kuangalia gharama ya kuzalisha uniti inayofuata. Mbele husimama upepo, jua na mito inayotiririka, kwa kuwa havinunui mafuta; nyuklia hufuata; kisha makaa ya mawe na gesi asilia hugombea nafasi ya katikati, na injini za mafuta husubiri mkiani. Huita mmoja baada ya mwingine mpaka mahitaji ya saa hiyo yatimie. Gharama ya kujenga mtambo haiingii katika hesabu hii, kwani imekwisha kulipwa au inadaiwa, mtambo uwashwe au uzimwe. Kinachoingia ni mafuta, na mahali penye soko la vibali, kinaingia pia kibali.

Chukua mfano wa tarakimu nilizozichagua mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi. Kufua uniti 1,000 kwa makaa ya mawe hutoa takriban tani 0.95 za hewa ukaa. Kwa mtambo wa gesi wa kisasa unaotumia pia joto la moshi wake, takriban tani 0.38. Tuseme mafuta ya kufua uniti hizo 1,000 yanagharimu yuro 30 kwa makaa na yuro 50 kwa gesi. Bila kibali, makaa yanatangulia. Kibali kikiuzwa yuro 10, makaa yanafika yuro 39.5 na gesi yuro 53.8, na foleni bado haijageuka. Kikifika yuro 35 wanalingana, na kikiwa yuro 80 makaa yanagharimu yuro 106 huku gesi ikiwa yuro 80.4, hivyo mwenye makaa anabaki nyuma akisubiri kuitwa, mitambo yake ikiwa mizima na hakuna aliyeiamuru izimwe. Hiyo yuro 35 ndiyo bei ya kugeuza foleni katika mfano wetu, na nakuomba uishike akilini, kwa sababu haitokani na kibali peke yake. Inatokana na pengo lililopo kati ya bei ya makaa na bei ya gesi. Gesi ikipanda hadi yuro 150, bei ya kugeuza foleni nayo inaruka hadi karibu yuro 210. Ndiyo maana mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine na gesi kuwa ghali kupita kiasi, Ujerumani ilirudisha kazini mitambo ya makaa wakati kibali kilikuwa kikiuzwa kwa bei ambayo miaka michache nyuma ingetosha kuizima.

Katika miaka ya mwanzo, kampuni za umeme zilipewa sehemu kubwa ya vibali bure. Wengi walidhani kwamba kilichotolewa bure hakitapandisha bei ya umeme. Kilipandisha. Mama muuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, anaweza kueleza sababu vizuri kuliko kitabu. Akizawadiwa gunia la dagaa na ndugu yake wa Ukerewe, siku atakapolipika nyumbani hatasema halikumgharimu kitu, kwa maana angeliuza angepata fedha. Vivyo hivyo, mwenye mtambo aliyepewa kibali bure alijua kwamba kila tani anayoichoma ni kibali ambacho angeweza kukiuza sokoni, kwa hiyo aliiweka thamani hiyo katika bei ya umeme wake. Nchini Ujerumani na kwingineko wateja walilipa bei iliyopanda, na kampuni zikapata faida kwa kitu ambacho hazikukinunua. Kwa macho yangu, hilo lilikuwa kosa kubwa la haki lililofanywa dhidi ya mlaji, na lilirekebishwa kwa kuchelewa: kuanzia mwaka 2013 wafuaji wa umeme wa Ulaya, isipokuwa katika baadhi ya nchi za mashariki, walitakiwa kununua vibali vyao mnadani. Hata hivyo zingatia kwamba foleni ilijipanga vilevile, kibali kiwe cha bure au cha kununua. Kilichotofautiana ni mfuko uliopokea fedha.

Wenye mabwawa nao walinufaika bila kutoa moshi. Norwei na Sweden hufua umeme mwingi kwa maji, lakini soko lao limeungana na majirani wanaochoma makaa na gesi, na bei ya saa nyingi hupangwa na mtambo wa mwisho kuitwa. Kibali kilipompandishia gharama mwenye makaa, bei ilipanda kwa wote, na maji yaliyohifadhiwa nyuma ya bwawa yakawa na thamani kubwa zaidi. Msimamizi wa bwawa hujiuliza kila siku kama ayafungulie maji leo au ayatunze kwa saa ambayo umeme utakuwa ghali, na bei ya kaboni, yaani gharama ya kutoa tani moja ya hewa ukaa, imo ndani ya swali hilo hata kama mtambo wake hautoi kitu angani.

Sasa nieleze jinsi karatasi zilivyokosa thamani. Vibali vya kipindi cha 2005 hadi 2007 viligawiwa kwa wingi kuliko moshi uliotoka, na kwa kuwa havikuruhusiwa kutunzwa kwa kipindi kilichofuata, bei yake ilianguka mwaka 2007 hadi karibu na sifuri. Kipindi cha pili kilianza vizuri, kisha mdororo wa uchumi wa mwaka 2008 ukapunguza uzalishaji viwandani, vibali vikabaki, na kufikia mwaka 2013 ziada ilikuwa zaidi ya vibali bilioni 2 na bei ikashuka chini ya yuro 5. Kwa bei hiyo makaa ya mawe hayakuwa na cha kuogopa.

Uingereza haikungoja. Aprili 2013 iliongeza kodi yake yenyewe juu ya kaboni inayotoka katika mitambo ya umeme, na kodi hiyo ikafika pauni 18 kwa tani. Mwaka 2012 makaa ya mawe yalikuwa yakifua karibu asilimia 40 ya umeme wa nchi hiyo; mwaka 2019 yalikuwa yameshuka hadi karibu asilimia 2, na tarehe 30 Septemba 2024 mtambo wa mwisho, Ratcliffe-on-Soar, ulizimwa. Si kodi peke yake iliyofanya kazi hiyo, kwani kanuni za uchafuzi wa hewa zilikwisha kuibana mitambo mikongwe na upepo wa baharini uliingia kwa msaada wa ruzuku. Lakini mteremko ule mkali wa miaka ya 2015 na 2016, ambapo mitambo ya gesi iliyokuwa imejengwa tayari ilichukua zamu za makaa, ni foleni iliyogeuzwa na bei ya kaboni, na sijui mfano ulio wazi zaidi wa kumpa mwanafunzi.

Umoja wa Ulaya wenyewe ulijirekebisha baadaye. Tangu Januari 2019 kuna akiba inayovuta vibali vya ziada kutoka sokoni, na kikomo, kilichokuwa kikipungua kwa asilimia 1.74 kwa mwaka katika miaka ya 2013 hadi 2020, kinapungua kwa kasi zaidi. Februari 2023 kibali kiligusa yuro 100 kwa mara ya kwanza. Mwaka huo hewa ukaa kutoka mitambo ya umeme ya Ulaya ilishuka kwa takriban robo, kwa sababu upepo na jua viliongezeka, mitambo ya nyuklia ya Ufaransa ilirudi kazini, mahitaji yalipungua, na gesi ilikuwa imeshuka bei vya kutosha kuipita tena makaa katika foleni.

Hapa niseme maoni yangu wazi. Biashara ya vibali inapanga upya mitambo iliyopo kwa ufanisi mkubwa, lakini inajenga mipya kwa udhaifu. Mtambo wa umeme huishi miaka 30 au 40, na benki inayokopesha hutaka kujua bei ya miaka yote hiyo, wakati bei ya kibali imekuwa ikipanda na kuanguka kama mawimbi ya ziwa mwezi wa msimu. Upepo na jua vya Ujerumani havikujengwa na kibali. Vilijengwa na sheria ya mwaka 2000 iliyomhakikishia mfuaji bei maalumu kwa miaka 20. Tena mitambo hiyo, ilipopunguza hitaji la makaa, ilipunguza pia hitaji la vibali na kuiangusha bei yake, hata nchi nyingine zikaendelea kuchoma kwa urahisi. Mtu akikuambia kwamba soko la kaboni peke yake litajenga gridi safi, muulize ni nani atakayemkopesha mjenzi.

Kanuni za kuhesabu nazo zina uzito wake. Katika hesabu za Ulaya, kuni zinazochomwa kufua umeme huandikwa kuwa hazitoi hewa ukaa, kwa hoja kwamba mti mwingine utaota na kuinyonya, ikiwa masharti fulani yametimizwa. Matokeo yake mtambo mkubwa wa Drax huko Yorkshire, Uingereza, uliokuwa ukichoma makaa, ulihamia kwenye punje za mbao zinazovushwa bahari ya Atlantiki kutoka Marekani. Sisi tulioona vilima vya Sukuma vikivuliwa miti kwa ajili ya mkaa tunajua kwamba mti unaotarajiwa kuota si sawa na mti uliosimama, na muda wa kusubiri una gharama yake. China nayo ilianza soko lake la taifa Julai 2021 kwa kampuni zaidi ya 2,000 za umeme, lakini haikuweka kikomo cha jumla cha tani. Iliweka kiwango cha hewa ukaa kwa kila uniti, na vibali vikagawiwa kulingana na uniti zilizofuliwa. Mpango wa namna hiyo humsukuma mwenye makaa kununua tanuri bora zaidi, lakini humsukuma kidogo sana kuyaacha makaa yenyewe.

Sasa tuje nyumbani. Tanzania haina kikomo wala soko la vibali kwa mitambo ya umeme. Afrika Kusini ilianza kutoza kodi ya kaboni Juni 2019, lakini hapa kwetu foleni inapangwa bila bei ya kaboni. Hebu tufikiri tu kwamba soko kama la Ulaya limefika kesho asubuhi, na kibali ni yuro 80.

Foleni yetu inaanza na maji: Kidatu, Kihansi, Mtera, Pangani, na sasa Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lililopangwa kuwa na mashine tisa za megawati 235 kila moja, ya kwanza ikiwa imeingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Upande wetu wa ziwa kuna Rusumo kwenye mto Kagera, megawati 80 tunazogawana na Rwanda na Burundi. Kisha inakuja gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay inayochomwa Ubungo na Kinyerezi. Mkiani zipo injini za mafuta mazito kama zile za Nyakato, takriban megawati 60.

Kufua uniti 1,000 kwa injini ya aina hiyo huhitaji zaidi ya kilo 200 za mafuta mazito na hutoa karibu tani 0.66 za hewa ukaa. Kibali cha yuro 80 kingeongeza yuro 53. Je, injini zingesogea katika foleni? Hapana. Zimekwisha kuwa za mwisho kwa sababu ya bei ya mafuta, na aliye mwisho wa foleni hana pa kurudishwa nyuma. Zinapowashwa, sababu huwa maji yamepungua mabwawani, au njia ya umeme imepata hitilafu, au msongo wa umeme (volteji) umedhoofika huku mwisho wa nyaya ndefu zinazotoka kusini kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga, na unahitaji mtambo wa karibu wa kuushikilia. Katika saa hizo hakuna mbadala wa kuchagua. Pasipo na mbadala, bei ya kaboni huwa kodi tupu: ingelipwa na mwenye mita ya LUKU au na hazina, na moshi wa siku ile ungetoka vilevile. Waliopitia mgawo wa mwaka 2006 na ule wa 2011 watakumbuka kwamba swali la siku zile halikuwa umeme upi ni msafi. Swali lilikuwa kama umeme upo.

Kuna sehemu mbili ambapo bei hiyo ingefanya kazi halisi nchini mwetu, na inafaa wanafunzi wazijue. Ya kwanza ni kati ya gesi na gesi. Kinyerezi ya kwanza ilijengwa kwa mitambo inayoachia joto la moshi lipotee, na Kinyerezi ya pili, ya megawati 240, hulitumia joto hilo kuchemsha maji na kuzungusha mashine nyingine kwa mvuke. Mitambo ya namna ya kwanza, kwa wastani wa kawaida wa teknolojia hiyo, hutoa karibu kilo 580 za hewa ukaa kwa uniti 1,000, na ya namna ya pili karibu kilo 400. Gesi yetu huuzwa nchini kwa bei isiyofuata masoko ya dunia, kwa hiyo motisha ya kuongeza mzunguko wa mvuke ni ndogo kuliko ambavyo ingekuwa kibali kikiwepo. Ya pili ni makaa ya mawe ya kusini, ya Ngaka, Kiwira na Mchuchuma, ambayo mipango ya kuyafulia umeme imezungumzwa kwa miaka mingi. Uamuzi wa kujenga mtambo wa makaa unafunga nchi kwa miaka 40, na mjenzi mwenye busara anapaswa leo kuweka bei ya kaboni katika hesabu yake hata kama hakuna anayemdai, kwa kuwa hajui nani atamdai mwaka wa ishirini.

Nchi moja haiwezi kuweka bei hiyo peke yake bila kuangalia jirani. Sehemu ya mkoa wa Kagera imekuwa ikipata umeme kutoka Uganda kupitia Masaka, na sasa kuna njia ya kilovolti 400 inayotuunganisha na Kenya kupitia Singida. Nchi moja ikitoza na nyingine isitoze, mitambo ya jirani ndiyo itakayoitwa kwanza na moshi utahamia ng'ambo ya mpaka. California iliona hatari hiyo mapema, ikaamua kuhesabu pia hewa ukaa ya umeme unaonunuliwa kutoka majimbo mengine.

Kuna neno moja ambalo limewachanganya watu wengi huku kwetu, nami naliona kuwa na madhara, hivyo niruhusu nilikawilie. Tunaposikia biashara ya kaboni Tanzania, kwa kawaida tunazungumzia misitu, kama ile ya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, na kanuni zilizotolewa mwaka 2022, pamoja na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kilichoko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kinachouzwa huko si kibali. Kibali ni haki ya kutoa moshi iliyokatwa kutoka katika kikomo. Kinachouzwa huko ni hati ya kupunguza, inayodai kwamba bila mradi huu moshi ungekuwa mwingi zaidi. Kibali hupimwa kwenye bomba la moshi. Hati hupimwa kwa kulinganisha na jambo ambalo halikutokea, na hapo ndipo ugumu wote ulipo.

Mfano wa karibu uko Jinja, mahali maji ya ziwa letu yanapotokea kuwa Nile. Wavuvi wa Mwanza wanakumbuka jinsi ziwa lilivyorudi nyuma hadi mwaka 2006, likiwa chini kuliko lilivyokuwa kwa miongo kadhaa, kwa ukame na kwa maji mengi yaliyofunguliwa katika mitambo ya Nalubaale na Kiira. Uganda ikapungukiwa na umeme wa maji na kukodi mitambo ya dizeli. Bujagali, yenye megawati 250, ilipozinduliwa mwaka 2012, ilikuwa imesajiliwa kuuza hati chini ya mpango wa Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kimataifa wa kupunguza hewa ukaa na gesi za aina hiyo, na kwa nchi iliyokuwa imetoka kuchoma dizeli, dai la kupunguza moshi lilikuwa rahisi kuelezwa. Lakini kwa mabwawa makubwa duniani kote liliulizwa swali gumu: je, bwawa hili lisingejengwa bila fedha ya hati? Kama lingejengwa hata hivyo, hati iliyouzwa Ulaya ilimruhusu mwenye makaa wa huko kutoa tani ambayo haikupunguzwa popote. Bei nayo haikungoja jibu. Hati iliyouzwa zaidi ya yuro 20 mwaka 2008 ilikuwa chini ya yuro 1 mwishoni mwa mwaka 2012, na aliyeiweka katika mpango wake wa kulipa mkopo alibaki na pengo.

Kwa hiyo halmashauri au kijiji cha visiwani kitakapojiwa na mtu anayetaka kununua hati za mradi wa umeme wa jua, hata kama atasema vizuri kiasi gani, viongozi waulize mambo matatu kabla ya kutia sahihi: moshi huu unalinganishwa na nini, nani analipa gharama ya kupima kila mwaka, na bei ikianguka, nani anabeba hasara. Katika mradi mdogo gharama ya kupima inaweza kumeza mapato yote, kwani mpimaji hutoza karibu sawa kwa mradi mdogo na mkubwa.

Uliuliza pia, kwa maneno mengine, kama biashara ya Ulaya inatugusa moja kwa moja. Tangu Oktoba 2023 Umoja wa Ulaya umeanza utaratibu wa kuhesabu kaboni mpakani kwa saruji, chuma, alumini, mbolea, haidrojeni na umeme. Minofu ya sangara inayotoka viwanda vya Mwanza haimo katika orodha hiyo. Mnunuzi mmoja mmoja anaweza kumtaka mwenye kiwanda amweleze umeme wake unatoka wapi, na hapo jenereta iliyoko uani mwa kiwanda itahesabiwa kando na umeme wa gridi.

Kwa darasa lako napendekeza hesabu hii. Lita moja ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, na jenereta ndogo hufua karibu uniti 3 kwa lita, yaani kilo 0.9 kwa uniti. Wanafunzi waanze na jenereta ya jirani wa shule. Kisha wafikirie saa moja ya gridi ambayo asilimia 60 ni maji, 35 gesi na 5 mafuta mazito. Kwa kilo 0.4 ya gesi na 0.66 ya mafuta mazito watapata karibu kilo 0.17 kwa uniti. Halafu wafikirie mwaka wa ukame, maji asilimia 30, gesi 55, mafuta mazito 15, nao watapata karibu kilo 0.32. Yule aliyeuliza swali aeleze mbele ya wenzake kwa nini kiasi hicho kimekaribia kuwa maradufu ilhali hakuna kibali kilichouzwa wala kununuliwa, na bei ya kibali ingeweza kubadili sehemu ipi ya hesabu hiyo.